Paka wa Baba Hachechemei

Usiku ule baba hakuniita kwa jina. Alitoa sauti tu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nami nikaruka kitandani. Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho, na Mikindani joto halipungui hata usiku wa manane. Nilipowasha taa nilimkuta ameketi, mguu wa kulia ameutoa nje ya chandarua, kidole gumba kimevimba na kung'aa kama kimepakwa mafuta ya nazi. Akasema, "Mwanangu, zima hilo pangaboi." Upepo wa feni ulikuwa unamuumiza. Shuka alikuwa ameshaitupa chini.

Huyu ni mtu aliyewinda pweza maisha yake yote. Kila bamvua alishuka miambani alfajiri, na nimewahi kumwona akichokoa kipande cha mwiba wa samaki taa unyayoni kwa ncha ya kisu huku akiuliza bei ya unga. Kumwona analia kwa sababu ya kidole kulinitisha kuliko uvimbe wenyewe.

Asubuhi majirani walikuja kumjulia hali. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee amekanyaga alichotegewa. Kijana wa duka la dawa akatuuzia antibaotiki za siku 7. Siku ya nane kidole kikapona, tukaishukuru dawa. Sasa najua kingepona hata bila kidonge, maana shambulio la jongo, ugonjwa wa viungo ambao wengine huuita gauti, huja na kuondoka lenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Februari likarudi, safari hii likashika na kifundo cha mguu.

Kilichomuumiza baba zaidi ni swala. Anayesujudu hukunja vidole vya miguu na kuvikandamiza chini, na kidole gumba ndicho kinachobeba uzito. Wiki 2 baba aliswali ameketi kwenye kiti cha plastiki, uso ameuelekeza ukutani ili tusimtazame. Hakulalamika. Ila kila alipomaliza alikaa pale muda mrefu bila kusema neno.

Hatimaye daktari alimpima damu akakuta asidi ya yuriki mikromoli 560 kwa lita. Ikizidi 400 hivi, asidi hiyo huanza kuganda na kuwa fuwele nyembamba zenye ncha kama sindano, na hupenda kuganda mahali penye baridi. Kidole gumba cha mguu kiko mbali na moyo, na usiku hupoa. Huenda ndiyo maana shambulio mara nyingi huja watu wamelala. Akaambiwa apunguze dagaa, maini, pweza na nyama nyekundu, anywe maji mengi, na akaanzishiwa alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi hiyo.

Jioni hiyo tulikuwa barazani. Paka wetu alikuwa miguuni pa baba akitafuna vichwa vya dagaa. Baba akamtazama, akamtazama tena.

"Huyu tumekula naye dagaa miaka 9," akasema. "Na yeye hata ugali hali, ni dagaa tupu. Mbona yeye hachechemei?"

Mimi ni mwalimu wa biolojia, huu ni mwaka wangu wa 14 kazini, na sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Ndilo lililonifanya niandike haya.

Paka ana kimeng'enya, yaani protini ya kufanya kazi ya kemia mwilini, ambacho baba hana, wala mimi sina, wala wewe unayesoma huna. Ndani ya kila seli ya chakula tunachokula mna vinasaba, na vinasaba vikivunjwa hutoa vitu viitwavyo purini. Dagaa wamejaa purini kwa sababu unamla mzima na matumbo yake. Purini huishia kuwa asidi ya yuriki. Kwa paka, ng'ombe, mbuzi na panya, kimeng'enya cha ini kiitwacho yurikesi huichukua asidi hiyo na kuigeuza kuwa alantoini, kitu kinachoyeyuka majini upesi na kutoka na mkojo. Kwetu sisi kazi inakomea kwenye asidi. Figo ndizo zinazobaki na mzigo, na figo za mzee wa miaka 71 hazina nguvu za kijana.

Lakini jeni ya kutengeneza yurikesi, yaani maelekezo yake yaliyoandikwa ndani ya vinasaba, tunayo. Iko kwenye kromosomu ya kwanza, jina lake UOX, na ukiisoma herufi kwa herufi utaitambua kwamba ndiyo ileile ya wanyama wengine. Ila imekufa. Darasani niliandika ubaoni namna ilivyokufa:

CGA
TGA

Jeni husomwa herufi tatu tatu, kila tatu agizo moja. Zamani, nafasi ya 33 ya jeni hiyo ilisomeka CGA, yaani "weka arginini hapa, kisha endelea". Kwetu C imekuwa T, na TGA maana yake ni "simama". Protini inayohitaji asidi amino 300 na ushei, yaani vipande vya kuijengea, arginini ikiwa kimojawapo, inakatwa kwenye ya 33. Ni kama fundi aliyeagizwa jahazi, akafika ubao wa tatu akakuta mchoro umeandikwa "kazi imekwisha", naye akafungasha misumeno yake akaenda zake. Herufi moja. Kuna makosa mengine ndani ya jeni hiyo, lakini hilo peke yake lilitosha.

Sokwe ana TGA palepale. Gorila vilevile, na orangutani wa Asia vilevile. Mimi husahihisha mitihani, na najua maana ya jambo hilo. Wanafunzi watatu wakipata jibu sahihi, hujui lolote kuhusu walivyokaa. Wakikosea neno moja, mahali pamoja, kwa namna moja, unajua walinakili karatasi moja. Karatasi hiyo ilikuwa ya babu aliyeishi kama miaka milioni 15 iliyopita. Nyani na tumbili walikuwa wameshashika njia yao kabla ya hapo, na yurikesi yao inafanya kazi mpaka leo. Nyani wanaovamia mahindi ya watu huko bara hawana habari ya jongo.

Shuleni tunafundisha kwa Kiingereza, lakini swali la kweli huja kwa Kiswahili, kengele ikishalia. Siku hiyo kijana mmoja wa kidato cha nne, anayekaa dawati la nyuma kabisa, alibaki darasani wenzake wakitoka. Akauliza, "Mwalimu, kama imekufa, mbona haijazikwa?"

Nikamuuliza kwao wapi. Nachingwea. Nikamwuliza kama anaijua njia ya reli ya zamani. Akasema anaijua, ni tuta, watu hupita juu yake kwa baiskeli.

Waingereza walileta mradi wa karanga kusini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kupeleka karanga hizo baharini. Mradi ukafa mwaka 1951. Reli ikabaki bila mzigo wa maana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Lakini tuta halikung'olewa. Nani ahangaike kulibomoa, na kwa faida gani? Mvua hulila kidogo kidogo, miti huota, mtu huchota kifusi chake, na mahali pengine unapita huwezi kujua kama paliwahi kupita treni. Jeni ikikosa kazi hufuata njia hiyohiyo. Hakuna mtu wa kuifuta. Kila kizazi huinakili pamoja na nyingine zote, na makosa ya kunakili hujikusanya ndani yake, kwa sababu hakuna anayekufa wala kukosa watoto kwa ajili ya makosa hayo.

Hilo la mwisho ndilo kiini chenyewe, na nilimrudishia kijana mara mbili. Makosa ya kunakili hutokea kwenye jeni zote, siku zote. Tofauti ni kwamba kosa likiangukia jeni ambayo mnyama hawezi kuishi bila hiyo, mnyama huyo hafiki mbali, na kosa hufa naye. Likiangukia jeni ambayo kazi yake inafanywa na kitu kingine, mnyama anaishi, anazaa, na kosa linarithiwa.

UOX yetu bado ni reli yenye mataruma, imezibwa njiani tu. Kwa tuta lililolika hasa, inabidi nizungumzie kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, na mabibo, matunda ya mkorosho, na hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo roho yangu ilipo.

Shamba la mama liko Tandahimba, mikorosho aliyoachiwa na wazazi wake. Msimu ukifika tunaokota, tunanyofoa korosho kwenye bibo, korosho ndani ya gunia, bibo chini. Uzito wa bibo ni mara kadhaa ya korosho yake, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe ni tani ngapi zinabaki chini ya miti. Machache tunakamua juisi, mengine huchachuka yakawa uraka. Yanayobaki yanaoza, nzi wanatanda, harufu inashika nguo wiki nzima. Kila mtoto wa kusini anajua doa la bibo halitoki, na anajua linavyokwaruza koo.

Bibo lina vitamini C mara 4 au zaidi ya chungwa. Bibo moja la kawaida linazidi mahitaji ya mtu mzima kwa siku, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaweka kwenye miligramu 45. Na vitamini C ni kitu ambacho karibu wanyama wote wanaonyonyesha hawahitaji kukila. Wanakitengeneza ini linapofanya kazi zake, kutokana na sukari. Mbuzi wa jirani anatengeneza. Paka wa baba naye anatengeneza, na ndiyo maana anaishi kwa vichwa vya dagaa bila tunda hata moja na fizi zake ni nzima.

Kazi hiyo ina hatua kadhaa, na hatua zote tunazo isipokuwa ya mwisho. Jeni ya hatua ya mwisho inaitwa GULO. Mwaka 1994 watafiti wa Japani walieleza mabaki yake kwa binadamu, kwenye kromosomu ya 8. Panya ana jeni hiyo katika vipande 12. Sisi tumepoteza 7, na vilivyobaki vimejaa makosa. Ilikufa zamani mno, kama miaka milioni 60 iliyopita, kwa babu wa tumbili, nyani, sokwe na sisi wote, aliyekuwa akiishi juu ya miti akila matunda na majani. Vitamini C ilikuwa inaingia mdomoni kila siku. Kosa likaingia kwenye GULO, na hakuna aliyeugua.

Komba hakuwa kwenye tawi hilo la ukoo. Komba huyu huyu tunayemsikia usiku akilia kama mtoto mchanga, anayepanda mnazi na kunywa tembo la mgema kwenye kibuyu, anajitengenezea vitamini C yake mpaka leo. Nilipowaambia wanafunzi hilo walinyamaza kabisa. Komba wanamjua kwa macho na masikio, na walidhani wanajua kila kitu juu yake.

Jeni hiyo imekufa pia kwa simbilisi, kwa njia yake mwenyewe, na makosa yake hayafanani na yetu. Bahati hiyo ilitusaidia sana. Mwaka 1907 Wanorwe wawili, Holst na Frølich, walikuwa wanatafiti ugonjwa mwingine, wakawalisha simbilisi nafaka tupu, na simbilisi wakapata kiseyeye. Wangetumia panya wasingeona kitu, maana panya hawezi kuugua kiseyeye. Kutoka hapo ndipo utafutaji wa vitamini C ulipata mnyama wa kujaribia.

Na pwani yetu hii ina habari yake kuhusu jeni hiyo, ingawa hakuna aliyejua kwamba ni jeni. Vasco da Gama alipokuwa anarudi kutoka India, alivuka bahari kwa karibu miezi 3 bila upepo wa kueleweka. Fizi za mabaharia zilivimba zikafunika meno, miguu ikavimba, wakafa watu 30 kwenye mvuko huo peke yake. Walipofika Malindi Januari 1499, walichoomba kwa ajili ya wagonjwa ni machungwa. Watu wa pwani walikuwa wanakula malimau, ndimu, maembe na majani ya kila namna, jeni yao ya GULO ikiwa imekufa sawasawa na ya Wareno wale. Tofauti ilikuwa kikapu.

Wapo waliojaribu kuunganisha vifo viwili vya jeni, cha GULO na cha UOX. Mwaka 1981 Bruce Ames na wenzake wa Marekani walipendekeza kwamba asidi ya yuriki huulinda mwili dhidi ya kemikali zinazochoma seli, kazi inayofanana na ya vitamini C, na kwamba huenda mababu zetu walifaidika ilipoongezeka damuni. Ni wazo zuri na wanafunzi hulipenda mno. Mimi silifundishi kama jibu, kwa sababu kati ya kifo cha GULO na kifo cha UOX kuna miaka zaidi ya milioni 40, na huo ni muda mrefu sana wa kukaa bila kiraka. Kazi inayonivuta zaidi ni ya mwaka 2014. Watafiti walikadiria herufi za UOX zilivyokuwa kwa mababu wa kale, wakatengeneza upya vimeng'enya hivyo maabara, wakavipima nguvu. Wakakuta nguvu ilikuwa inapungua hatua kwa hatua muda mrefu kabla jeni haijavunjika. Wao wanaona kwamba asidi iliyoongezeka ilisaidia miili ya mababu kugeuza sukari ya matunda kuwa mafuta ya akiba, kwa ajili ya misimu ya njaa. Hilo nalo bado linabishaniwa. Ila kupungua pole pole kunanifundisha kitu: hata TGA ile haikuwa ajali ya ghafla kwa mashine nzima. Iliikuta mashine imeshachoka.

Vifo vingine vipo vingi, nivitaje viwili tu. Kuna jeni ya msuli wa taya, MYH16, iliyokufa kwetu na inayofanya kazi kwa sokwe, mwenye taya la kutafuna siku nzima. Na za kunusa: panya ana zaidi ya 1,000 zinazofanya kazi, sisi tumebaki na 400 hivi, na mizoga ya nyingine imetapakaa karibu kwenye kromosomu zetu zote. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, panya buku waliofundishwa Morogoro walitumika kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Tuliwaazima pua.

Binti mmoja, mcha Mungu, aliniuliza kama nasema Mungu alikosea. Nilimwambia sisemi hivyo, na kwamba mambo ya imani amuulize anayemwamini. Ninachoweza kumwonyesha ni herufi. Nilimwambia pia habari ya baba na kiti cha plastiki. Sikupanga kumwambia. Nilitaka aelewe kwamba nilikuwa natafuta kujua kwa nini kidole kile kilishindwa kukunjika, na kwamba jibu lile lilimwondolea baba kitu ambacho alopurinoli isingemwondolea. Kwa miezi 3 alikuwa anawapitia majirani akilini, mmoja mmoja, akijiuliza ni nani aliyemtegea. Nilipomweleza habari ya paka na kimeng'enya, aliniuliza, "Kwa hiyo hata yule aliyesema nimerogwa, naye hana?" Nikamwambia naye hana. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Sasa anasujudu. Anakula pweza kipande kidogo siku ya Ijumaa, na dagaa nimemwachia paka.

Msimu huu nilirudi kutoka Tandahimba na ndoo ya mabibo. Nikachukua unga wa muhogo kidogo, nikachemsha kwenye maji, ukapoa, nikatia ayodini ya kusafishia vidonda. Maji yakawa buluu nzito kama wino. Ni zoezi ninalofanya darasani: vitamini C huifuta rangi hiyo, na unahesabu matone. Baba akasogeza kiti chake. Nikadondosha juisi ya bibo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Moja, mbili, tatu. Tone la 5, glasi ikawa nyeupe, unaona mpaka ukutani. Ya chungwa ilichukua matone 22.

Baba akaishika glasi ile ya bibo, akaigeuza juani.

"Rangi imekwenda wapi?"

Nikamweleza. Akafikiri kidogo, kisha akamtuma mjukuu aangue dafu. Tukatengeneza glasi nyingine ya buluu, akashika bomba mwenyewe, mkono wake ukitetemeka kidogo, akahesabu kwa sauti mpaka 40. Buluu iko palepale. Akanyoosha mkono kwenye ndoo, akachagua bibo jekundu, akalifuta kwenye kanzu bila kujali doa, akaling'ata.